Pembe Imelia

"Hivi babu, huko kwenu milimani mnalalaje usiku msibiringike?"

Mwamvita aliliuliza swali hilo asubuhi moja huku anageuza chapati kibarazani kwake, na wote waliokuwa wanasubiri chai wakacheka. Mzee Elibariki hakucheka. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mbele ya duka la mwanawe Elinaza, amevaa koti zito katika joto lile la Kinyerezi, na pembe ya tandala imelala mapajani mwake kama paka.

"Sisi hatubiringiki," alisema. "Mlima ndio unaobiringika."

Wakacheka tena. Jabiri wa bodaboda akasema babu ana maneno huyu, afanyiwe shoo. Lakini mzee alikuwa ameshaanza kueleza, kwa sababu tangu ashushwe kutoka Upare kuja kutibiwa miguu hakuna mtu aliyewahi kumwuliza chochote cha kwao.

Mbweme, alisema, ina ngazi tatu. Juu kabisa ni msitu na ndiva, yaani bwawa la udongo la kukusanyia maji usiku ili asubuhi yafunguliwe kwenye mifereji. Chini ya ndiva ni nyumba na migomba. Chini ya nyumba ni mashamba ya tangawizi, mpaka mahali ambapo ukiangusha jiwe husikii likifika. Ubavuni kuna mgongo wa mawe matupu. Hapalimwi hapo wala hapajengwi.

"Zamani za babu yangu mlima uliachia mchana, siku ya soko. Njia ni moja, haipishani mbuzi wawili..."

"Chapati yangu!" Mwamvita akarudi kwenye jiko lake kupuliza moshi. Jabiri akaitwa na abiria. Waliokuwa na chai wakabeba vikombe vyao. Mzee hakuona kama watu wamepungua.

"Kina mama waliokuwa mashambani walipanda kuwafuata watoto wao nyumbani. Waliokuwa sokoni, huko juu, walishuka kuwafuata jamaa zao mashambani. Wakakutana katikati, wakasukumana, tope likawakuta hapohapo wamesimama. Waliokufa njiani walikuwa wengi kuliko waliokufa ndani. Ndipo wazee wakakata neno. Pembe ikilia mara tatu, shika mtoto aliye karibu nawe, awe wa nani, panda naye kwenye ule mgongo wa mawe. Usimwulize mama yake. Usimtafute wako. Wako ameshashikwa na mwingine. Mtoto ni wa aliye karibu naye."

Maneno hayo yalisikiwa na watatu tu. Mmoja ni Talha, mtoto wa Mwamvita, ambaye hata shati hakuwa amejua kulifunga, naye alikuwa anachungulia tundu la ile pembe. Wa pili ni Godlisten, kijana wa matofali, aliyepita na toroli la mchanga, na yeye alikuwa anayajua tangu akinyonya kwa mama yake. Wa tatu ni Sekela, mke wa Elinaza, Mnyakyusa wa Tukuyu, aliyekuwa anafagia kizingiti.

"Na anayesikia pembe akabaki ndani, baba?" Sekela aliuliza. "Anatozwa mbuzi?"

"Mbuzi ni faini ya asiyekuja kuchimba mfereji." Mzee aliipangusa pembe kwa mkono wa koti. "Aliyesikia pembe akabaki mlangoni hatozwi kitu. Hasemeshwi tu. Mpaka mmoja wenu afe."

Elinaza alitoa kichwa dukani. "Baba, acha watu na hadithi za matope. Wateja hao."

*

Duka la Elinaza lilikuwa na saruji, nondo, misumari na rangi, na nyuma yake, kwenye mteremko unaoshuka hadi mtoni, kulikuwa na kiwanja cha kufyatulia matofali. Mwenye duka alikuwa mzee wa kanisa, msafi wa shati, mwepesi wa kutoa mchango mbele za watu. Wateja walipomwuliza kwao wapi, alisema Same mjini. Mbweme hakuitaja.

Godlisten alikuwa mtoto wa dada yake. Siku aliyofika na begi lake la kamba, kabla hajaonyeshwa pa kulala, alionyeshwa namna ya kuita.

"Mbele ya wateja usiniite mjomba. Niite bosi."

"Sawa mjomba."

"Umeanza."

"Sawa bosi."

Akalazwa stoo, kati ya magunia. Mshahara wake ukawa "nakutunzia." Kila alipougusia, Elinaza alimwambia mjini hela ikikaa mfukoni inaota mbawa. Sekela alimpakulia chakula kwenye sahani sawa na za watu wa nyumbani, na Elinaza akasema kibarua akila mezani atasahau koleo. Kwa hiyo Godlisten akawa anakula nje, na majirani wakamjua kuwa ni kibarua wa bosi, aliyetoka mikoani huko, mpole, hasemi sana.

Zilikuwa wiki za maneno mabaya. Kila simu ya mtaa ule ilikuwa na sauti ya mwanamke analia kwamba watoto wanaibwa, kuna gari jeusi, kuna vijana wanatumwa na waganga. Hakuna aliyemjua mama huyo wala mtaa wake, lakini kila mtu alimtumia mwenzake. Mzee Mwinshehe, mwenyekiti wa mtaa, aliita mkutano akasema tusichukue sheria mkononi. Watu wakapiga makofi. Walipotawanyika, wengi waliondoka wakitafuta fimbo.

*

Mvua ya siku ile ilianza baada ya adhuhuri, na haikunyesha, ilimwagwa. Mto ukabadilika rangi. Mzee Elibariki aliamka kutoka usingizi wa mchana, akaona kupitia dirisha la nyuma maji mekundu yanapita na gogo, na udongo wa ukingo unameguka vipande vikubwa kama mkate. Akili yake, ambayo tangu ashuke ilikuwa inakwenda na kurudi, ikaenda moja kwa moja Mbweme. Akasimama bila fimbo. Akaweka pembe mdomoni.

Ililia mara tatu.

Mwamvita aliisikia, akadhani ni honi ya gari la taka, akashangaa linapitaje kwenye mvua hii. Jabiri na wenzake, waliojikinga kule juu penye lami, walidhani ni lori. Elinaza alijua. Alikuwa mtoto mdogo alipoisikia mara ya mwisho, akiwa amebebwa na mwanamke asiyemfahamu. Alitoka dukani mbio, akafika chumbani kwa baba yake, akaikamata ile pembe.

"Unataka mtaa mzima unicheke?"

"Watoe watu! Mlima—"

"Mlima uko wapi? Uko wapi hapa?"

Wakavutana. Mzee hakuachia, ndipo Elinaza akamsukuma. Mzee akaangukia ukingo wa kitanda, mdomo ukachanika. Elinaza akaiangalia damu kidogo, akaiangalia pembe mkononi mwake, akaenda kuizika ndani ya gunia la saruji lililofunguliwa.

Kule chini kiwanjani, Godlisten alikuwa amejifunika gunia la salfeti kichwani, kama wanavyofanya wakulima wa milimani wakati wa mvua, anafunika matofali mabichi. Pembe ilipolia, koleo lilimtoka mkononi lenyewe. Hakufikiri. Hakuwahi kufundishwa kufikiri hapo. Aligeuka kutafuta mtoto aliye karibu, na aliye karibu alikuwa Talha, aliyetoroka kucheza kwenye maji chini ya ukuta wa kiwanja. Akamkwapua, akampakata kifuani, akakimbia kuelekea juu.

Mwamvita alitoa kichwa kumwita mwanawe aingie ndani. Aliona mtu mwenye gunia usoni anakimbia na Talha.

"Mwizi! Mwizi wa mtoto! Mwanangu jamani, mwanangu!"

Watu walitoka kama siafu. Godlisten alisikia kelele, akafurahi: watu wanatoka, watapona. Akazidi kukimbia kupanda, na kule juu pikipiki zilikuwa zimepangwa, na kila mwenye macho aliona kwamba mwizi anakwenda kumkabidhi mtoto kwa wenzake. Jabiri alikuwa wa kwanza kumfikia. Alimpiga kwa kofia ngumu ya pikipiki, pembeni mwa sikio. Godlisten alipiga magoti lakini mtoto hakumwachia. Alimkunja tumboni na kumfunika kwa mgongo. Hilo likawaudhi zaidi.

"Mtoe mtoto!"

"Hamtoi! Mkate mikono!"

Fimbo. Tofali. Mnyororo wa pikipiki. Mwanamke mmoja alivua kiatu, akawa anapiga kisogo kwa kisigino huku analia, maana alikuwa amemzika mwanawe mwaka ule na hakuwa na mtu wa kumlaumu. Talha alivutwa kwa mguu mpaka akatoka. Godlisten aliinua uso uliojaa maji na damu akapiga kelele, kwanza Kipare, kisha Kiswahili:

"Pembe! Pembe imelia! Pandeni!"

Fimbo zikasita hewani. Kisha mtu akasema, "Mmesikia? Pembe! Anampeleka kwenye pembe! Ametumwa na mganga huyu!"

Kuanzia hapo hawakupiga tena kwa kumkamata. Walipiga kwa kumaliza. Mkono wake wa kushoto ulivunjika kwa sauti iliyosikika ndani ya mvua. Mtu akaleta chupa ya petroli kutoka kwenye pikipiki.

Elinaza alikuwa amesimama mlangoni kwake. Kutoka pale hadi kwenye lile kundi haikuwa mbali; mtu akikohoa huku anasikika kule. Gunia lilikuwa limeshatoka kichwani kwa Godlisten, na mwanamume mmoja akamwangalia vizuri.

"Si kibarua wa bosi huyu?" Akageuka. "Bosi Elinaza! Huyu si wako? Ni wa nani huyu?"

Macho yote yakaenda mlangoni. Yalikuwa macho ya wateja wake. Na mkono wenye chupa ukageukia upande wake pia, labda bila kukusudia.

"Alikuja kuomba kibarua tu," Elinaza alisema. "Kwao sikujui."

Kuna jogoo wa Mwamvita alikuwa amejikunyata chini ya meza ya chapati, ameloa. Hakuwika. Hata angewika, Elinaza alikuwa ameshaingia nyuma ya kaunta.

Petroli ilimwagwa. Kiberiti kilikuwa kimeloa. Njiti ya kwanza ilikatika, ya pili ikakatika, na wakati mtu anaomba kiberiti cha gesi, Sekela akatokea na kikapu chake cha sokoni. Hakuuliza kuna nini. Aliona miguu. Aliijua ile miguu, kwa sababu ndiye aliyeinunulia ndala.

Aliangusha kikapu, akapita katikati ya watu, akalala juu ya Godlisten mwili mzima.

"Ni wangu! Huyu ni wangu! Nichomeni na mimi!"

Fimbo iliyokuwa njiani ilishindwa kurudi, ikamshukia begani. Hakuondoka. Petroli ilimwingia machoni, akaendelea kupiga kelele neno lile moja, wangu, wangu, mpaka wenye fimbo wakaanza kutazamana. Na katikati ya hapo Talha, aliyekuwa mikononi mwa mama yake anakaguliwa vidole na masikio, akasema kwa sauti ya kudeka:

"Mama, mbona wanampiga anko Godi? Alinibeba nisiloe."

Mwamvita aliposogea na kuuona uso ule bila gunia, alikaa chini kwenye tope na kanga zake.

Mto ulipanda mpaka ukingo wa kiwanja cha matofali, ukarudi. Hakuna nyumba iliyoanguka. Mlima haukuachia, kwa sababu mlima haukuwapo.

*

Godlisten alilazwa. Jicho moja halikufunguka, mkono ukatiwa vyuma. Polisi aliyekuja kuandika maelezo alimwuliza kwa nini alikimbia na mtoto wa watu, naye akajibu vilevile alivyojibu barabarani: pembe ililia. Polisi akauliza mtaani. Hakuna aliyesikia pembe. Akamwuliza mwenye nyumba.

"Pembe?" Elinaza alisema. "Labda honi ya gari la taka. Kijana huyu nadhani kichwa si kizuri."

Basi jambo likabaki hapo. Kama pembe ililia, kijana alikuwa anaokoa. Kama haikulia, alikuwa anaiba, na akipona atatoka hospitali na pingu. Mzee Mwinshehe, ambaye alikuwa mtu wa haki ingawa mwoga wa makelele, aliomba polisi asubiri kwanza watu wakae, wazungumze.

Sekela alikuwa na mkono kwenye kitambaa. Alimwuliza mumewe chumbani, kwa sauti ya chini.

"Baba kachanika wapi mdomo?"

"Alianguka."

"Pembe yake iko wapi?"

"Mama Anjelina, tuna mtoto anasoma. Tuna mkopo. Wakijua fujo ile imetoka ndani ya nyumba hii, nani atanunua hata msumari? Watasema tuna mambo ya kichawi. Wataichoma."

"Sijakuuliza watasema nini."

"Nimesema alianguka!" Akainua mkono. Sekela aliutazama ule mkono, hakurudi nyuma. Mkono ukashuka.

Mzee Elibariki alikuwa anakaa palepale kwenye ndoo, mikono imefunguka mapajani kama bado imebeba kitu. Kila aliyepita alimwuliza kama ameiona pembe yake. Watu walimwonea huruma, wakasema uzee huo.

*

Walikaa Jumapili mchana, baada ya ibada, sebuleni kwa Elinaza. Godlisten aliruhusiwa kutoka wodini kwa saa chache. Polisi aliyevaa kiraia alikaa naye kochi moja. Jabiri alikuwapo, ameinamisha kichwa, kofia yake ngumu ameiacha nje. Mwamvita alikaa chini kwenye mkeka, Talha amemlalia. Mzee Elibariki aliwekewa kiti karibu na meza. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Godlisten kukaa kwenye sebule ile.

Mzee Mwinshehe alifungua kwa dua, akamwomba na Elinaza aombe kwa upande wa Wakristo. Elinaza aliomba vizuri, kwa muda mrefu. Kisha mwenyekiti akatoa bahasha. Mtaa ulikuwa umechanga.

"Hiki ni kidogo cha dawa. Tunakukabidhi wewe bosi, maana kijana hana ndugu hapa."

Elinaza aliipokea kwa mikono miwili, akaitia mfuko wa shati. "Mungu awabariki. Nitamtunzia."

Jicho zima la Godlisten lilitua pale mfukoni, likakaa. Midomo yake ilikuwa na nyuzi, na maneno yalitoka yamevimba.

"Mjomba," alisema, "waambie tu."

Chumba kizima kilisikia. Mwamvita aliinua kichwa. "Mjomba? Mjomba wa nani?"

"Kijana bado ana homa," Elinaza alisema.

"Mama yangu ni dada yake, wa tumbo moja. Mjomba, pembe ililia. Wewe ulikuwa ndani. Waambie, nisifungwe."

Polisi alitoa kalamu, akamgeukia Elinaza. "Mzee, huyu ni mpwa wako? Na pembe ililia ama haikulia?"

"Afande, mambo ya familia..."

Sekela aliinuka. Alitoka kuelekea stoo, wakamsikia anaburuta kitu kwa mkono mmoja. Aliporudi, alikuwa na pembe ya tandala imeganda saruji, nyeupe kama mfupa uliofukuliwa. Aliiweka mezani, kati ya soda.

"Ilikuwa kwenye gunia," alisema. "Ililia. Kwao ikilia hivyo unabeba mtoto aliye karibu, unakimbia juu. Mtoto wa yeyote. Baba alitueleza yote pale kibarazani, wengine mkakimbilia chapati."

Mwamvita alijipiga paji la uso. Akaanza kulia bila sauti, akamtazama Godlisten, akashindwa kumtazama. "Nisamehe baba. Mie ndio nilopiga yowe. Mie sikujua, wallahi sikujua." Kisha akageukia kochi la mwenye nyumba na machozi yakakatika. "Ila wewe, bosi, ulijua. Nilikuona. Ulikuwa umesimama mlangoni. Wakakuuliza, huyu wa nani? Neno moja tu, baba. Moja! Mie nisingekuwa na dhambi hii leo."

"Walikuwa na petroli!" Elinaza alisimama, shati limemshika mgongoni. "Nyie hamkuona? Wangeichoma nyumba. Duka lote hili! Mnajua nimelijenga vipi? Jabiri, sema, mngeichoma au msingeichoma?"

Jabiri hakuinua kichwa. "Tungeichoma, bosi."

"Mnaona? Mnaona sasa?" Akamgeukia baba yake, kama mtoto anayetafuta wa kumwamulia. "Baba, wewe umesikia. Ningefanyaje? Baba, sema."

Mzee Elibariki alikuwa ameichukua pembe yake. Siku ile akili yake ilikuwa imerudi yote, na pengine ingekuwa heri isingerudi. Aliikwangua saruji mdomoni mwa pembe kwa ukucha, taratibu, mpaka tundu likaonekana. Akaipuliza vumbi. Kisha akamtazama mwanawe, kutoka viatu mpaka uso, kwa muda kama mtu anayekariri mahali ambapo hatapita tena.

"Baba?"

Mzee akatafuta fimbo, akainuka. Akamwekea Godlisten mkono kichwani penye bendeji. Akampa Mwamvita mkono. Akampa Sekela. Akampa Jabiri. Akampa mwenyekiti na afande.

"Baba, nakuuliza wewe. Sema hata neno basi. Nitukane. Baba!"

Mzee Elibariki akaipachika pembe kwapani, akavuka kizingiti, akatoka.